Nani Amebaki Nyumbani?

Mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo hafiki hospitali ya rufaa moja kwa moja. Anafika akiwa ameshatibiwa magonjwa mengine mengi. Katika miaka yangu ya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kwanza Mbeya na baadaye Iringa, akina mama walinisimulia habari zinazofanana mno, hata kama mmoja katoka Kyela na mwingine Kilolo. Mtoto alianza kulalamikia kichwa, hasa asubuhi anapoamka. Akawa anatapika kabla hata ya kuonja uji. Zahanati wakampa dawa ya malaria, mwezi uliofuata wakatibu homa ya matumbo, kisha minyoo. Akishatapika anapata nafuu, anachukua madaftari yake anakwenda shule, na mama anamshukuru Mungu. Baadaye anaanza kuyumba akitembea, mwandiko unaharibika, jicho moja linavutwa kuelekea puani. Hapo bibi wa upande mmoja anasema mtoto karogwa, na bibi wa upande wa pili anataka apelekwe kwenye maombi.

Simlaumu yeyote katika safari hiyo. Malaria ipo, homa ya matumbo ipo, na tabibu wa zahanati ya kijijini anaweza kustaafu bila kukutana na uvimbe huu zaidi ya mara chache. Duniani watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka, na katika nchi tajiri uvimbe wa ubongo ni wa pili kwa wingi miongoni mwa saratani za watoto, baada ya saratani ya damu. Kwetu unaonekana adimu kwa sababu wengi wanaougua hawafiki kwenye kipimo. Hali imeanza kubadilika tangu hospitali za rufaa za mikoa zilipopata mashine za CT kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Picha sasa inapigwa karibu na nyumbani. Daktari anaiona, anaita wazazi, anawaeleza, anaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Halafu anawaambia, "Piteni ustawi wa jamii."

Wanapitishwa ustawi kwa sababu ya hela. Ndivyo ofisi yetu inavyojulikana: mahali pa kuombea msamaha wa matibabu. Na si hapa kwetu tu. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri mwanamke aitwaye Mary Stewart, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kufanya kazi hii hospitalini, na kazi aliyopewa ilikuwa kuchuja wagonjwa: nani hana uwezo kweli na nani anaweza kulipa. Kazi yetu ilizaliwa na swali hilo, na zaidi ya miaka mia moja baadaye wengi bado wanadhani ndilo swali letu pekee.

Swali la hela ni la kweli, sitalidharau. Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwa mujibu wa sera, lakini uvimbe wa ubongo haungoji umri. Wengi niliowapokea walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Familia yenye CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na bima hiyo iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mbele ya hapo haikufuata. Toto Afya Kadi, ambayo mzazi aliweza kumkatia mwanawe kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilibadilishiwa utaratibu mwaka 2023. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wazazi wengi wakabaki wakisubiri matunda yake. Kwa hiyo mzazi analeta barua ya mtendaji wa kijiji, ninamhoji, ninajaza fomu, ninagonga muhuri. Kazi hiyo haichukui muda mrefu.

Lakini niliwahi kuona wazazi wakipewa msamaha kamili na bado wasiende Dar. Walikunja karatasi vizuri, wakaitia kwenye mfuko wa nailoni, wakashukuru, wakapanda gari la kurudi kijijini. Kwenye mafaili huandikwa kwamba ndugu wamekataa rufaa. Maneno hayo hayaelezi lolote.

Nilianza kuelewa kwa mama mmoja wa Rungwe, wa vijiji vya juu kule kwenye viazi. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba, uvimbe uko nyuma ya kichwa, maji yameshaanza kujaa. Daktari alimwambia muda ni mfupi. Yeye akawa anauliza jambo moja tu, "Dawa za kwenda kunywa nyumbani hazipo?" Wauguzi waliona hajaelewa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kuondoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mama. Nyumbani umemwacha nani?"

Alinyamaza, kisha akaanza kueleza na hakusimama. Amemwacha binti wa darasa la sita awapikie wadogo zake watatu. Ng'ombe wa maziwa anakamuliwa na jirani, na jirani ameshaanza kulalamika. Viazi viko tayari, na dalali amesikia kwamba ana mgonjwa, kwa hiyo anataka lumbesa kwa bei ya kutupa, maana anajua mama anatafuta nauli. Baba watoto yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu na simu yake haipatikani. Daktari alipotamka Dar es Salaam, yeye alisikia kwamba binti yake anaacha shule.

Huyu mama hakukataa rufaa. Alikuwa na watoto watano, na alikuwa anatakiwa achague mmoja.

Tulipiga simu. Tulimpigia mtendaji wa kijiji, naye akamtuma mjumbe kwa jirani wa ng'ombe, na makubaliano yakawa kwamba maziwa ya jioni ni ya jirani na ya asubuhi ni ya watoto. Mwalimu mkuu akaahidi kumwangalia yule binti na kumruhusu achelewe asubuhi bila adhabu. Mchungaji wa Kanisa la Moravian, kanisa ambalo limekuwa Rungwe tangu mwaka 1891 na linajua kila njia ya mlima ule, akatangaza ibadani, na kwaya ikaenda kuvuna viazi Jumamosi. Vikauzwa kwa bei ya soko. Mama mdogo akapanda kutoka Kyela kuja kulala na watoto. Baba naye alipatikana kupitia mchimbaji mwenzake aliyekuwa na simu nzima. Ndipo mama aliposema, "Basi, nipe hiyo karatasi."

Tangu hapo swali la nani amebaki nyumbani likawa la kwanza kwangu, kabla ya barua ya mtendaji na kabla ya bima. Ninaamini hili kwa moyo wote: mgonjwa ni mmoja, lakini anayetibiwa ni kaya nzima, na kaya isipopangwa mtoto hafiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amhakikishie kila mtoto chakula, malazi, matibabu na elimu, na inampa afisa ustawi wajibu pale watoto wanapokuwa hatarini. Haijatenga watoto wenye faili hospitalini na wasio nalo. Wale watatu na dada yao kule mlimani walikuwa watoto wangu pia.

Akina baba wanahitaji maneno yao. Mara nyingi mama ndiye anayelala wodini, na baba anapata habari za mkato kwenye simu inayokatika. Lakini uamuzi wa kuuza ng'ombe au shamba unasubiri kikao cha ukoo, na kwenye kikao hicho mama aliyesikia maelezo ya daktari huenda asipewe nafasi ya kusema. Nikawa ninawaomba madaktari jambo ambalo si wote walilipenda mwanzoni: baba mkubwa au babu akija kumwona mgonjwa, naye aonyeshwe ile picha. Mzee anayesimamishwa mbele ya mwanga, akaonyeshwa kwa kidole uvimbe ulipo na njia ya maji ilipoziba, anarudi nyumbani akiwa wakili wa mtoto. Niliona wazee waliokuja na hoja ya mganga wakiondoka wakijadili ni nani atatoa nauli.

Na kuna sentensi moja niliyomwomba kila daktari aiseme kwa sauti mbele ya mawifi na mama mkwe: hakuna mtu aliyesababisha ugonjwa huu. Chakula alichokula mama akiwa mjamzito hakihusiki, wala ugomvi wa mashamba, wala kidonge alichosahau. Nimewaona wanawake wakilia kwa sauti waliposikia hivyo, baada ya miezi ya kuvumilia kunyooshewa vidole kwamba wameingiza mkosi katika ukoo. Kwangu mimi sentensi hiyo ni sehemu ya matibabu, na inapasa kutolewa kwa uangalifu uleule wa dawa.

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Basi linaondoka alfajiri, linapita Igawa, Makambako na Mafinga, linafika Iringa, linateremka Kitonga kona kwa kona, linavuka Mikumi, na giza linaingia kabla halijafika Kituo cha Magufuli pale Mbezi. Mpe safari hiyo mtoto anayetapika na asiyeweza kukaa wima. Kwa hiyo tulijifunza kuandaa safari yenyewe: siti ya mbele ambako basi halirushi sana, mifuko ya kutapikia, dawa ya kupunguza uvimbe iandikiwe saa zake ili isirukwe njiani, na karatasi moja yenye jina la wodi, jina la ugonjwa na namba ya simu ya afisa ustawi wa upande wa pili. Nilikuwa ninampigia yule wa Dar mpaka aniambie kwa kinywa chake, "Wamefika, nimewaona." Rufaa inayoishia kwenye karatasi si rufaa.

Dar nako kuna mlolongo wake. Upasuaji wa ubongo ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mionzi ni Ocean Road, katika majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani. Dawa za saratani kwa watoto zinatolewa Muhimbili, ambako Tumaini la Maisha, taasisi iliyoanza mwaka 2011, inashirikiana na hospitali ili watoto wenye saratani watibiwe bila familia kulipa, na ina hosteli ya mama na mtoto iitwayo Ujasiri. Mionzi ya uvimbe wa ubongo mara nyingi hutolewa kila siku ya kazi kwa takribani wiki sita. Wiki sita hizo ni msimu mzima wa palizi. Mama aliyezoea baridi ya Tukuyu na sweta la asubuhi anajikuta kwenye joto la pwani, hana ndugu, anahesabu siku. Bila hosteli asingeweza. Na pale hosteli akina mama wa Mbeya wanakutana na wa Kigoma na wa Lindi, wanapikiana, na aliyeanza mapema anamweleza mgeni kwamba nywele za mtoto zitaanguka na zitaota tena. Hakuna afisa ustawi anayeweza kulisema hilo kwa uzito wa mama mwenzake.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, ule unaokua polepole, imo kati ya saratani sita zilizochaguliwa kuongoza juhudi hizo. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Tukizungumzia pengo hilo tunataja mashine na mabingwa, na ni kweli vinahitajika. Lakini sehemu ya pengo ni watoto waliofika, wakaanza, kisha wakaondoka katikati ya matibabu. Waliondoka kwa sababu mvua za kwanza zimenyesha Mbozi na shamba halijalimwa. Waliondoka kwa sababu mdogo wake amelazwa kwa nimonia na hakuna wa kumkalia.

Nilipohamia Iringa nilidhani nitakuta kazi ileile. Nilikuta upande wake wa pili, yaani kurudi. Baba mmoja wa Mufindi, mpasuaji mbao, alinijia na binti yake wa miaka kumi. "Kamwene," akanisalimia, akamwambia na binti anisalimie. Binti alikuwa amefanyiwa upasuaji Dar, amewekewa mpira wa kushusha maji kutoka kichwani hadi tumboni, amemaliza mionzi. Alikuwa hai, anacheka. Lakini uvimbe ulikuwa umekandamiza mishipa ya macho kwa muda mrefu kabla haujatolewa, na sasa alikuwa anaona vivuli tu. Shule aliyotoka ilisita kumpokea. Walimu waliogopa ataanguka, na wazazi wengine waliuliza kama ugonjwa unaambukiza.

Hospitali ilikuwa imemaliza kazi yake vizuri. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameandaliwa kumpokea. Tulikwenda shuleni, mimi na baba yake na muuguzi, tukakaa na walimu. Muuguzi alieleza kwamba hauambukizi. Akaeleza pia dalili za mpira kuziba au kuingia vijidudu: kichwa kuuma tena, kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida. Akawaambia wakiona hivyo wasisubiri mzazi atoke msituni, wampeleke hospitali siku hiyohiyo. Mwalimu mmoja aliandika dalili hizo akazibandika ofisini. Afisa elimu maalumu wa halmashauri akaanza kumtafutia nafasi mahali wanapofundishwa nukta nundu.

Yule baba hakuwa na tatizo na shule. Alikuwa na swali ambalo alilibeba kwa muda mrefu kabla ya kuliuliza: "Huyu atakuja kuwa nani?" Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba apite Neema Crafts, pale Iringa mjini, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi na kuhudumia mgahawa. Alikaa pale mchana mzima. Aliporudi alizungumza kuhusu mfumaji mmoja anayesomesha watoto wake kwa kazi ya mikono yake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimtaja binti yake kwa wakati ujao.

Wapo wasiopona. Wakati mwingine uvimbe uko kwenye shina la ubongo, mahali kisu hakifiki, na mionzi inampa mtoto miezi tu. Hapo wazazi wanaogopa jambo ambalo hawalitamki: mtoto kufia Dar. Kusafirisha mwili hadi Mbeya ni gharama inayoweza kumaliza ng'ombe wote, na kumzika mtoto ugenini ni uchungu usioisha. Nilijifunza kulitamka mimi, kwa upole na mapema, ili familia ichague ikiwa bado ina nguvu ya kuchagua. Wengi wanachagua nyumbani. Basi nyumbani pawe na dawa. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanzisha hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 na kuweka msingi wa tiba shufaa, alikuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa hospitali, kabla hajawa daktari. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yako mwilini, moyoni, katika jamii yake na katika imani yake, na kwamba yote yanatibiwa. Nchini kwetu hospitali kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, zina timu za tiba shufaa zinazokwenda hadi majumbani, na morfini ya kunywa ipo. Mtoto asilie kwa maumivu ya kichwa hadi pumzi ya mwisho kwa sababu tu anaishi mbali na barabara ya lami.

Nilikaa na mama mmoja kwenye msiba wa namna hiyo, ng'ambo ya mto Ruaha. Wanawake walikuwa wanaimba, wanaume wamekaa nje kwenye moto. Aliniambia mwanawe aliomba ndizi za kuchoma siku mbili kabla, akala, hakutapika. Alilisema hilo mara nyingi kwa kila aliyeingia. Alitaka watu wajue kwamba hakufa kwa mateso.

Ninawaomba wakurugenzi wa halmashauri na waganga wafawidhi: ajirini maafisa ustawi wa kutosha, na mkiwaajiri wapeni vocha za simu na nafasi kwenye gari linalokwenda vijijini. Kazi niliyoieleza hapa haihitaji mashine ya mabilioni. Inahitaji mtu mwenye muda, simu na ruhusa ya kutoka ofisini. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inahitimisha vijana kila mwaka, na wengi wanazunguka na vyeti vyao wakitafuta kazi.

Na wewe msomaji, mtoto akiumwa kichwa asubuhi na kutapika kwa wiki kadhaa, akianza kuyumba, kukengeza au kupoteza uwezo wa kuona, au kichwa cha mtoto mchanga kikikua kwa kasi isiyo ya kawaida, usikubali dawa ya malaria ya mara ya tatu. Omba rufaa. Ukifika hospitali na huna uwezo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujaamua kurudi nyumbani. Waeleze kila kitu, na shamba na ng'ombe na watoto uliowaacha, hata kama hawajakuuliza. Kumwona afisa ustawi hakulipiwi.